Module Federation: uzoefu wangu wa kupachika jedwali la Vue ndani ya programu ya React

Ni miezi 8 sasa natumia Module Federation karibu kila siku ya kazi. Ni sehemu ya Webpack 5 (chombo cha kufungasha msimbo wa tovuti) inayoruhusu programu moja kupakia msimbo wa nyingine ikiwa tayari kwenye kivinjari. Programu yetu ni ya maikro-frontendi, yaani imeunganishwa kutoka vipande vya timu mbalimbali. Ganda lake, yaani mwenyeji anayeshika menyu, kuingia kwa mtumiaji na ruta, limeandikwa kwa React 18. Timu nyingine, ambayo kipande chake ni mgeni ndani ya ganda, ina jedwali la ankara la Vue 3 (React na Vue zote ni zana za JavaScript za kujenga kurasa), lenye kuchuja, kupanga na kuhariri papo hapo. Kuliandika upya kwa React kungekuwa kupoteza kazi nzuri iliyokwisha kufanywa, kwa hiyo nikapewa jukumu la kuliingiza ndani ya ganda bila mtumiaji kuona mshono.

Kwa kuleta msimbo wa timu moja ndani ya programu ya timu nyingine, ukurasa ukiwa tayari umefunguka, sijapata chombo kinachonifaa zaidi ya hiki. Timu ya ankara inapeleka toleo jipya kwenye seva asubuhi, mtumiaji akifungua ukurasa analikuta, na mimi sijagusa kitu. Zamani hata kosa la herufi moja lilinilazimu kubadilisha namba ya toleo kwenye package.json (faili linaloorodhesha vifurushi vya programu), nijenge ganda zima, kisha nisubiri zamu ya kulipeleka. Kwa hilo peke yake siwezi kurudi nyuma.

Lakini chombo hiki kinaleta mzigo mpaka mlangoni tu. React na Vue zitaishije nyumba moja, hilo halimo ndani yake, na ndiko siku zangu nyingi zilikoishia.

Nilianza na elementi maalum za HTML. Vue tangu toleo la 3.2 ina defineCustomElement, inayogeuza komponenti (kipande cha ukurasa) kuwa tagi ambayo fremuweki yoyote inaweza kuiandika. Nikaiweka tagi ndani ya React, nikaipa orodha ya ankara, jedwali likatokea tupu. Nilipokagua tagi kwenye kivinjari nikakuta thamani yake imeandikwa "[object Object],[object Object]". React 18 huipa elementi maalum kila kitu kama atributi, na atributi ni maandishi matupu. React 19, iliyotoka Desemba 2024, imelitatua hilo, ila sisi hatukuwa tumehamia. Nikazunguka kwa kuishika elementi kwa ref (kiungo cha moja kwa moja kwa elementi iliyo kwenye ukurasa) na kuiwekea data moja kwa moja, na data ikafika.

Kilichonishinda ni Shadow DOM, kivuli kilichofungwa ambamo elementi hukaa na CSS zake, yaani mitindo ya mwonekano. Inalinda CSS ya jedwali isichanganyike na ya ganda, na hilo ni jema. Ila menyu ya kuchuja ilitumia Teleport ya Vue kujihamishia kwenye body ili isikatwe na kingo za jedwali. Ikihama, inaziacha CSS zake zote ndani ya kivuli. Menyu ikawa inatokea chini kabisa ya ukurasa, maandishi tu, bila fremu wala mandharinyuma. Nikaiacha njia hiyo.

Njia iliyotufaa ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Timu ya Vue haitoi tena komponenti. Inatoa kazi moja tu, pachika, inayopokea mahali pa kukaa pamoja na data, kisha inarudisha vitu viwili: sasisha na bandua. Ndani yake mna createApp (inayoanzisha programu ya Vue) na hali ya reactive (data ambayo Vue huifuatilia ikibadilika). Mwenyeji akiita sasisha, hali inabadilika na Vue inachora upya yenyewe. Upande wa React kuna div moja yenye ref, useEffect (msimbo unaoendeshwa baada ya React kuchora) moja ya kupachika na kubandua, na nyingine ya kusasisha. Mwenyeji hajui kama aliyemo ndani ni Vue. Kesho wakitaka kuhamia Svelte, zana nyingine ya aina hiyo, ni juu yao.

Hapo kwenye bandua nawaomba msome taratibu. Jedwali letu lilisikiliza kitufe cha Escape kwenye window ili kufuta uhariri. Kuita app.unmount() kunaondoa komponenti kwenye ukurasa, lakini msikilizaji uliyemfunga mwenyewe kwenye window hubaki hadi umwondoe mwenyewe. Nilitoka kwenye ukurasa wa ankara na kurudi mara 6, nikabonyeza Escape mara moja, konsoli ikaandika ujumbe uleule mara 7. Mgeni akiondoka abebe vyake vyote. Aliyenisaidia kuliona mapema ni StrictMode, hali ya ukaguzi ya React: wakati wa kutengeneza programu, React 18 hupachika, hubandua na kupachika tena kwa makusudi, kwa hiyo uchafu ulijitokeza kabla ya mtumiaji kuukuta. Wengi huizima kwa sababu inawakera. Iacheni.

Kitu kingine kilichonila siku mbili ni nakala mbili za Vue. Vitufe vyetu vya pamoja vinatoka kwa mgeni mwingine, naye alikuja na Vue yake. Onyo likawa "inject() can only be used inside setup()", ingawa msimbo ulikuwa ndani ya setup (kazi inayoandaa komponenti) kabisa. Kila nakala ya Vue hukumbuka peke yake ni komponenti gani inayoendeshwa sasa, na nakala ya pili haijui lolote kuhusu ya kwanza. Dawa ni kuiweka vue kwenye shared (sehemu ya usanidi ya vitu vya kushirikiana) ikiwa na singleton: true, yaani nakala moja tu, kwa wageni wote, na matoleo yao yapatane.

Faili la remoteEntry.js, ambalo ni mlango wa kuingilia wa mgeni, lisitumike kutoka kache bila kivinjari kuiuliza seva kwanza. Mpe seva Cache-Control: no-cache kwa faili hilo tu, mengine yenye hashi (alama inayobadilika maudhui yakibadilika) kwenye majina yakae muda mrefu. Na kila mgeni mzungushie Error Boundary, komponenti ya React inayonasa makosa ya yaliyo ndani yake, la sivyo seva yake ikilala ukurasa mzima unakuwa mweupe.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya TypeScript, JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data. Katika usanidi wetu ganda halijui aina za data za mgeni, kwa hiyo nimeziandika kwa mkono. Siku moja timu ya ankara ilibadilisha jina la sehemu moja ya data, ganda langu likajengwa bila kosa hata moja, na safu ya tarehe ikawa tupu kwa watumiaji wote. Toleo la 2 la Module Federation linaweza kuzalisha aina hizo lenyewe, nasi ndilo tunaloandaa kuhamia.