Riwaya nilizosoma bila kutafuta dhamira

Mimi si mhakiki. Nasoma kwenye daladala, nasoma nikisubiri zamu yangu saluni, nasoma usiku umeme ukiwepo. Anayetaka uchambuzi wa fani na maudhui aende kwa walimu, wapo na kazi yao wanaijua. Mimi kipimo changu ni kimoja: watu wa kitabuni wanaongeaje? Wakiongea kama watu, nitavumilia kisa kilichopinda, nitavumilia hata herufi ndogo na karatasi ya kijivu. Wakianza kuongea kama wanamsomea risala mgeni rasmi, kitabu nakirudisha kabatini.

Na kwa kipimo hicho riwaya pendwa, zile zinazobezwa kuwa nyepesi, mara nyingi zinazishinda nzito. Si zote, nitafika huko.

Nianze na Bwana Msa, mpelelezi wa vitabuni. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960. Mwandishi mwenyewe alikuwa mhariri wa jarida la kilimo, Mkulima, na huwa najiuliza alipata wapi nafasi ya kupanga mauaji katikati ya habari za mbegu na mbolea. Ali Bomani, tajiri mwenye mashamba, anakutwa ameuawa kwenye mzimu, pale pahala pa kutambikia. Watu wananong'ona yao. Bwana Msa anawasha kiko chake na kukataa katakata kwamba pepo wana shida ya kuua mtu. Wengi humwita Sherlock Holmes wa Unguja, na kwa kiko hicho siwezi kubisha. Ila Holmes anamsaka mhalifu kwenye majivu ya sigara na matope ya viatu, wakati kwa Bwana Msa fumbo mara nyingi limelala kwenye ukoo: nani mtoto wa nani, nani alioa kwa siri, nani hasa ndiye mrithi. Ndiyo maana mazungumzo yake yana kazi ya kufanya. Watu wanaketi, wanaamkiana, wanazungukana kwa adabu zote za Kiunguja, mara mmoja anaponyokwa na neno na Bwana Msa ameshalidaka. Rafiki yake Najum anauliza kilekile ambacho na mimi nilitaka kuuliza, na anajibiwa nusu. Inaudhi, na utamu uko hapohapo.

Kasoro zipo. Sadfa ni nyingi mno, utadhani Unguja nzima ina familia mbili tu. Halafu ukifika mwisho, yule aliyekuwa akijibu nusu nusu anataka kumaliza yote kwa mkupuo, na inabidi urudi nyuma kuhakikisha nani alikuwa wapi. Kisima cha Giningi cha 1968 nakipa nafasi ya kwanza. Duniani Kuna Watu kisome ukiwa na karatasi ya kuandikia majina.

Willy Gamba ni kijana wa aina nyingine. Elvis Musiba alimtoa na Kufa na Kupona mwaka 1974, enzi Dar es Salaam ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakipishana mitaani. Jasusi wa Kiafrika kuwinda vibaraka wa makaburu halikuwa jambo la kubuni sana, na hali hiyo inakipa kitabu moto ambao visa vya kijasusi vya siku hizi havina. Lakini Willy akifungua mdomo, mara nyingi ni kujisifu. Kila mwanamke mzuri anamtaka, kila adui anakosa shabaha. Nilikimaliza upesi na sikumbuki sentensi hata moja.

Ben Mtobwa alikuwa fundi kumzidi Musiba, hili niko tayari kubishana na yeyote. Shujaa wake, Joram Kiango, naye mwanamume wa visa vilevile, warembo na risasi, ila ana mzaha. Anajua kwamba anachofanya ni wazimu. Katika Tutarudi na Roho Zetu? anabishana na Nuru, na Nuru hakubali kuwekwa pembeni kama pambo, anamjibu. Mtobwa akieleza mji usiku unausikia hadi harufu. Alifariki 2008, na jina lake bado likitajwa kwenye kijiwe cha watu wa rika langu lazima mtu aanze kusimulia.

Sasa nzito. Nakala yangu ya Vuta n'kuvute ya Adam Shafi niliinunua kwa wauza vitabu wa chini, pale Posta. Ilishapita kwa mwanafunzi. Pembeni, kwa penseli, kila palipo na kichekesho pameandikwa “tashbiha” au “kejeli”, na Mwajuma anapoingia kwa mara ya kwanza kuna mshale na maneno “mhusika msaidizi, umuhimu wake: ukarimu”. Nilicheka nikiwa peke yangu. Mwajuma, huyo wa kuandikiwa ukarimu, ndiye anayekibeba kitabu! Yasmin, binti mbichi wa Kihindi, ameozwa Bwana Raza mwenye umri wa kuwa baba yake. Anamkimbia, nduguze wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mtaani kule Unguja, mwenye chumba kidogo, taarabu na mdomo usio na breki. Wanawake hawa wawili wakikaa kitandani kupiga soga, sijui mwandishi mwanamume alijificha wapi akawasikiliza. Wanataniana, wanafichana, wanachokozana kuhusu wanaume, na ndani ya porojo hizo unaona Yasmin anavyobadilika bila mtu yeyote kukutangazia.

Denge ndiye anayenipa shida. Mpigania uhuru, msomi, jasiri, na Waingereza wanamwandama. Akiwa na Yasmin ni mtu mzima wa kuaminika. Akiwa na wenzake kwenye siasa, ghafla kila mmoja anamaliza sentensi zake vizuri na hakuna anayemkatiza mwenzake. Nani amewahi kukaa na vijana watano wa siasa wakangojana zamu? Lakini kurasa hizo ni chache na nazisamehe. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ni nzuri kwa macho, itazameni, ila maneno ya Mwajuma yafuateni kitabuni.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) niliianza kwa sababu mama mmoja ofisini aliniambia enzi zake kilipigwa marufuku mashuleni, na hakuna tangazo la kitabu lililo bora kuliko hilo. Zakaria anakuta barua ya mvulana aliyoandikiwa bintiye, na kipigo kinachofuata hakina pambo lolote. Sentensi fupi. Kezilahabi haombi huruma yako, anaweka kitu mezani na kuondoka. Wazazi wanaozungumza na watoto kwa fimbo na amri tu, halafu binti anatoka nyumbani hajui hata namna ya kumkatalia mwanamume. Sikupenda mwandishi anavyomshushia Rosa balaa juu ya balaa, kuna mahali nilihisi anamkomoa. Hata hivyo nilikesha nacho. Nagona, ya mwandishi huyohuyo, ni kijitabu chembamba na kimenishinda. Wanaokipenda wanakipenda kwelikweli. Mimi sikupata wa kuongea naye mle ndani.

Siku Njema ya Ken Walibora, Wakenya mnisamehe kidogo. Kisa cha Kongowea, mtoto wa Tanga wa mwimbaji wa taarabu, anayevuka mpaka kumsaka baba yake hadi Kitale, kinashika moyo. Safari yenyewe inakwenda mbio, na rafiki yangu wa Eldoret anakijua karibu kwa kichwa. Tatizo langu ni kwamba Kongowea anasimulia kwa methali na misemo mfululizo, hata kwenye njaa, hata kwenye msiba. Kiswahili chake kinapendeza kukisoma kwa sauti. Ila kijana aliyekosa pa kulala angelalamika kwanza. Chozi la Heri ya Assumpta Matei niliisoma hadi nusu: ghasia za baada ya uchaguzi zimeandikwa kwa uchungu wa kweli, lakini wahusika wanazidi kumiminika na kila mmoja anakuja na historia yake.

Kilichonishangaza karibuni ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Yusuf ana miaka 12, anachukuliwa na “ami” Aziz kufidia deni la baba yake. Ningejua tu kwamba ni kitabu cha Nobeli ningekikimbia. Khalil, kijana wa dukani, ndiye aliyenishika: anamfokea Yusuf, anamfundisha kazi, anamtania na kumlinda, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maduka tuliyokulia.

Zile simulizi za kwenye simu, za kulipia kipande kwa kipande, nazo nimezijaribu. Mazungumzo yake ni ya mtaani hasa, hapo nawapa maksi zote. Kinachoniua ni “itaendelea” kila mtu anapokaribia kufungua mlango.

Wa kuanza leo namshauri Kisima cha Giningi, kisha Vuta n'kuvute. Ukinunua mtumba, kagua kurasa kabla ya kutoa hela, hasa za upelelezi. Siri ya Sifuri yangu, nayo ya Bwana Msa, niliuziwa bila kurasa za mwisho, na muuzaji aliapa kwamba kitabu ndivyo kinavyoisha. Anayeijua siri hiyo tafadhali asiniambie, nakala nyingine naitafuta.