Nguzo Kwanza: Mbao za Kununua kwa Uzio na Deki ya Bustani

Uzio wangu wa kwanza Kigamboni ulianguka usiku, na wala hapakuwa na upepo wa maana. Asubuhi nikakuta mita nne hivi zimelalia mchaichai, mbao zenyewe nzima, kijani kilekile cha siku niliyozitoa yadi ya mbao. Nikachukua bisibisi, nikaichoma nguzo pale inapokutana na udongo. Ikazama hadi kwenye mpini. Ndani hamkuwa na mti tena, ni udongo wa mchwa uliovikwa ganda la rangi. Masika mbili tu.

Niliambiwa ni mbao za dawa. Kumbe zilipakwa kijani kwa brashi.

Tangu hapo, ndugu au jirani akiniomba nimsindikize kununua mbao, siulizi kwanza mti gani ni mzuri. Nauliza: utagusa udongo au hautagusa? Nguzo huozea usawa wa ardhi. Chini kabisa hewa ni haba, juu kuna jua la kukausha, ila pale mpakani unyevu na hewa vinakutana, na kuvu na mchwa hawahitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana nimepanga mara mbili hapa chini, nguzo peke yake na mbao peke yake. Mti unaoongoza huku unaweza kuburuza mkia kule.

Nguzo

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni nguzo ya mkaratusi ya mviringo iliyotiwa dawa kiwandani, mdogo wake zile zinazobeba nyaya za TANESCO. Miti hufungiwa ndani ya tangi la chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa mgandamizo mpaka iingie kwenye nyama ya mti. Dawa iliyozoeleka ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Sehemu ya nje ya mti, ile changa nyeupe, inainywa vizuri. Kiini hakiinywi. Hapo ndipo umbo la mviringo linapolipa: kiini kimezungushiwa dawa pande zote. Fundi akiichonga ncha ili aipige kwa nyundo kama kigingi, amewafungulia mchwa mlango. Chimba shimo, itie nzima. Ikibidi kupunguza urefu, kata upande wa juu.

Jinsi ya kuijua: usitazame mwisho wa nguzo, maana pale dawa huingia kirahisi hata kazi ikiwa mbovu. Nunua moja, ikatwe katikati mbele ya muuzaji. Iliyotiwa dawa sawasawa inaonyesha pete ya kijani yenye unene wa kidole au zaidi, kuizunguka yote. Iliyopakwa inaonyesha mstari mwembamba kama karatasi. Muuzaji atanuna, lakini nguzo moja ni nafuu kuliko uzio mzima kulala juu ya mchaichai.

Aseniki ni sumu. Makombo ya mbao hizo usiyachomee nyama wala usiyatie jikoni, na unga wa msumeno ufagie wote. Marekani wenye viwanda waliacha kuuza mbao za CCA kwa matumizi mengi ya nyumbani tangu mwisho wa 2003. Kwa nguzo iliyofukiwa pembeni mwa kiwanja sina tatizo nayo. Kwa sakafu ambayo watoto wanaikanyaga peku, nina tatizo.

Ya pili ni nguzo ya zege yenye nondo. Haina sura, ila mchwa hawana la kuifanya, na ukizipigia mbao kwa mbele hakuna atakayeiona kutoka barabarani. Tyubu ya chuma ningeiweka sawa nayo kwa mtu wa Dodoma au Iringa. Kwetu karibu na bahari chumvi inaila, na rangi unairudia kila mara.

Ya tatu ni kiini cha mkongo. Kwa kudumu hauna mshindani mkubwa, lakini kuufukia ardhini naona ni israfu. Novemba 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kule Panama uliingiza mikongo, mininga na mikangazi ya Afrika kwenye Kiambatisho cha II, yaani biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali maalumu. Hilo halikuzuii wewe kununua yadi ya hapa, ila linakuambia miti hiyo inaelekea wapi.

Mikoko siiweki kwenye orodha. Watu wa pwani walikuwa na jina kwa kila unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimeezekwa juu yake. Leo mikoko ni msitu wa hifadhi, na anayekuuzia usiku bila karatasi anakuuzia kesi.

Ya mwisho ni msindano wa kuchana, inchi mbili kwa nne, uliopakwa chochote. Wa kwangu ulikuwa huo. (Msomaji wa Kenya atauliza posti za mtarakwa. Ukizipata zenye kiini chekundu na karatasi halali, zipandishe hadi ya pili.)

Mbao za deki

Mafundi wa Dar wanasema deki, na mwenye nyumba huwa anafikiri wanataka kupiga deki. Ni sakafu ya mbao ya nje, iliyoinuliwa kidogo juu ya ardhi. Mzee wa jahazi angeiita sitaha, na naona ndiyo jina lake la haki.

Hapa mtiki, wengine wanauita msaji, unaongoza. Una mafuta yake wenyewe, hauvimbi na kusinyaa sana, na huhitaji kuwa na hatia moyoni, kwani unapandwa: Longuza huko Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na mashamba ya bonde la Kilombero. Tahadhari ni moja tu, nayo ni kubwa. Mtiki mwingi unaofika yadi ni miti michanga ya kupunguzia shamba. Ubao wake una mkanda mweupe upande mmoja, na mkanda huo hauna uimara wowote wa mtiki. Unalipia jina, unapewa ganda. Chagua ubao mmoja mmoja, wa rangi ya asali au kahawia, na wenye mweupe zaidi ya upana wa kidole rudisha. Ukiachwa bila mafuta utageuka kijivu ndani ya mwaka. Ni rangi tu, hakijaharibika kitu.

Mvule ni wa pili, kama unaupata wenye karatasi. Fundi wako atalalamika, na ana haki: ndani yake hujificha mawe magumu ya chokaa yanayovunja meno ya msumeno. Mkongo ungekuwa hapa pia, kwa bei ya kukupa kizunguzungu.

Wa tatu ni msindano wenye dawa ya kweli, kutoka Sao Hill na mashamba ya jirani Mufindi na Njombe. Kwa mataruma, zile mbao za chini zinazobeba sakafu, ambayo hakuna anayeyagusa, ungekuwa wa kwanza. Kwa juu, kama ni CCA, unashuka mpaka hapa, na sababu nimeshaitaja.

Mninga nauweka wa nne na najua nitatukanwa. Ni mti wa kitanda na mlango. Juani rangi yake nzuri inafifia, na ukishafifia umelipa bei ya mninga kwa ubao wa kijivu.

Mbao za plastiki zilizochanganywa na unga wa mti ni za tano. Mchwa hawazitaki, kweli, lakini saa nane mchana zinachoma nyayo, na zikikosa mataruma ya karibu zinabonyea kama godoro.

Oili chafu je? Kila mtaa una mtu anayeiapia. Kwa uzio wa shamba, sawa. Kwenye deki itakutia madoa ya kanzu na harufu ya gereji mpaka Ramadhani ijayo.

Mbao za kufunika uzio wala sizipangii vyeo. Msindano wa moja kwa sita unatosha, hata mabanzi yanatosha, mradi yaishie vidole vitatu juu ya udongo. Ubao ukioza unaubadilisha mmoja kwa dakika kumi.

Yadi, ukiwa na futi kamba mkononi

Beba futi kamba yako. Mbao nyingi za msindano zimechanwa kwa dingidongi, zile mashine ndogo za kuhamishika za kuchania mbao, na mbili kwa nne inaweza kuwa mbili upande huu na moja na nusu upande ule. Fumba jicho moja, tazama kando ya ubao kama unayelenga bunduki. Upinde wa ubapa unanyooshwa na skrubu, ule wa kusokota hakuna anayeunyoosha. Nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja. Nzito ni mbichi, na ikikaukia ukutani kwako itajikunja hapohapo. Kwa mbao za asili dai risiti na hati ya kusafirishia.

Msindano huuzwa futi 12. Basi weka nguzo kila futi 6, ubao mmoja uvuke nafasi mbili bila kubaki kipande. Uzio wa futi 66, ambao ni mita 20 hivi, una nafasi 11 na nguzo 12. Mistari mitatu ya kulala inakula mbao 17. Mbao za kusimama za futi 6, zikiachana nusu inchi, ni 122, yaani 61 za futi 12. Ongeza tano za kuvunjika. Nguzo ziwe futi 8 na nusu, futi mbili na nusu ziingie chini.

Fedha ikipungua, punguza mbao za kufunika. Usipunguze nguzo, na usipunguze skrubu. Msumari wa kawaida pwani hulia kutu jeusi kwenye mtiki. Kwenye deki tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na unene wa msumari wa inchi nne uwe kipimo cha mwanya kati ya ubao na ubao. Kama mbao hazijakauka vizuri, zibane zaidi, mwanya utajitengeneza wenyewe.

Shimo la nguzo lianze na kokoto za kina cha kiganja kimoja ili maji yapite. Zege lipande juu kidogo ya ardhi na lisuguliwe limwage maji nje. Fundi wengi huliacha kama bakuli, nguzo ikiwa katikati imeloweka miguu. Simamia hapo mwenyewe, na lango lisining'inizwe kabla ya siku ya saba.