Michongo ya Lakishi, British Museum, London: nenda, ila mwongozaji chagua vizuri

Kuingia makumbusho ni bure. Hela yangu ilikwenda kwa kampuni ya waongozaji wa watalii, na hao nawapa nyota mbili tu. Kijana alikuwa mchangamfu, lakini chumba cha Lakishi alitupitisha mbiombio ili tuwahi maiti za Misri. Nikaagana na kundi, nikabaki.

Aliyesoma 2 Wafalme 18 anamjua Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Mwaka 701 KK aliuteka mji wa Lakishi huko Yuda, akauchonga ushindi huo kwenye kuta za kasri lake Ninawi, Iraki ya leo. Mawe ndiyo haya. Sogea karibu: askari ndani ya mtambo wa kubomolea ukuta anamwaga maji kwa upawa mrefu, maana walio juu wanamtupia mienge ya moto. Pembeni, watu watatu wametundikwa kwenye miti iliyochongoka. Kwingine familia zinahama, watoto wamekaa juu ya mizigo kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mchongaji hakuficha kitu, na ndiyo ilikuwa kazi yake: mgeni akija kasri aone, aogope, alipe kodi.

Uso wa mfalme mwenyewe umepondwa. Sikusikitika.

Mawe nyota tano. Ukiwa na watoto wadogo, anza na michongo ya simba wa Ashurbanipal, mfalme mwingine wa Ashuru, ingawa nao wanauawa. Jumatatu asubuhi nilikuta watu wachache.