Tahadhari: wauzaji wa "kidonge chenye kamera" mjini Lubumbashi

Ndugu wakaaji wa Lubumbashi, hasa ninyi wa mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo, kuna watu wanaopita katika vikundi vya akiba na kwenye malango ya makanisa baada ya ibada, wakiuza kwa dola 60 kipimo cha kumeza kidonge chenye kamera. Wanadai kwamba hata mtu asiyeumwa popote ataonyeshwa papo hapo, kwenye simu yao, magonjwa yote yaliyojificha tumboni mwake. Mama mkubwa wangu alilipa, jirani yake naye akalipa, na picha za "vidonda" walizotumiwa ni zilezile, hadi saa iliyoandikwa pembeni. Kisha kila mmoja akatakiwa anunue dawa ya chupa kwa muuzaji huyohuyo.

Kidonge cha namna hiyo kipo kweli, na ndiyo sababu uongo huu unaaminika. Kiliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2001, kina urefu wa takriban milimita 26, na kazi yake kubwa ni kuchunguza utumbo mwembamba, hasa pale mgonjwa anapovuja damu na chanzo hakijaonekana kwa mpira wa kamera unaopitishwa kinywani. China wanayo pia aina inayoongozwa kwa sumaku, nao huitumia kuchunguza tumbo hata kwa watu wasio na dalili. Lakini mashine yake ni kubwa na haibebwi begani. Kipimo cha utumbo humtaka mtu afunge kula tangu usiku, avae kiunoni kifaa cha kupokea picha kwa saa nane hivi, kisha daktari bingwa azipitie picha hizo, nazo ni maelfu kwa maelfu. Hawa wetu humaliza kwa dakika chache, mteja akiwa ametoka kula bukari! Tena kamera hiyo haikati kipande cha nyama cha kupimwa, kwa hiyo anayekutangazia saratani kwa picha hizo peke yake hana msingi.

Linalonitisha kuliko fedha ni kwamba wanawaagiza wateja wakirudishe kidonge kikishatoka, eti kioshwe. Kidonge halisi hutumika mara moja tu, hutoka na choo, kikatupwa. Isitoshe, hata kile halisi huweza kukwama mahali utumbo ulipokuwa mwembamba kupita kiasi, na kikiwa bado ndani mtu haruhusiwi kuingia katika mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali. Lakini hawa hawamuulizi mteja hata kama aliwahi kupasuliwa tumbo.

Aliyekimeza na hajakiona kikitoka, hasa akitapika au tumbo likivimba na kuuma, aende hospitali leo na aeleze wazi alichomeza, wala asinywe dawa ya kuharisha kwa ushauri wa muuzaji. Picha, ujumbe na namba ya simu iliyopokea fedha zisifutwe, kwa kuwa tunazikusanya ili tuzipeleke polisi pamoja na malalamiko yetu.