Arusha hadi Mombasa kwa basi la Taveta: nyota nne

Ijumaa saa kumi na moja jioni gari la utalii lilitushusha mbele ya hoteli mjini Arusha, na kazi ya kampuni iliyotutembeza ikaishia hapo. Kwa siku nne za mbuga sina lawama. Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, chakula kwa wakati, na dereva kijana aliyemwamkia mamangu shikamoo kila alfajiri kabla hajamshika mkono kumpandisha garini. Lakini kwenye ratiba, baada ya "kurudi Arusha" hapakuandikwa kitu. Mamangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na kwetu ni Mombasa. Nilipouliza ofisini kwao, nikaambiwa wageni wote huenda Nairobi kwa shato, yale mabasi madogo ya abiria. Tukitaka gari la peke yetu hadi Mombasa watatutafutia. Walipotaja bei nilishukuru nikaondoka.

Kwenda tulikuwa tumepitia huko huko Nairobi na Namanga, kwa kutojua. Treni kutoka Miritini, usiku kwa shangazi, asubuhi shato. Mama alifika Arusha miguu imevimba. Kwa mtu wa pwani hiyo ni kuzunguka bure. Nairobi na Mombasa peke yake ni karibu kilomita 480, na kabla ya hapo una kama 270 za kutoka Arusha. Ukishika njia ya Moshi, Himo, Holili, Taveta, Mwatate hadi Voi, safari nzima hadi Mombasa ni kama kilomita 400. Zamani watu waliikwepa kwa vumbi la upande wa Taveta. Sasa ni lami mpaka Voi.

Aliyetuonyesha njia hiyo ni mhudumu wa hoteli, mama wa Kipare, aliponiona natafuta nauli kwenye simu. "Dada, mbona mnataka kumchosha mama? Kuna basi la Mombasa, linapita Holili." Akanielekeza ofisi ya tiketi, nikakata mbili jioni ile ile. Nauli ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya lile gari la peke yetu.

Sasa basi lenyewe. Tiketi ilisema saa moja asubuhi, tukaondoka saa mbili na dakika ishirini, na hakuna aliyetuambia sababu. Hiyo ndiyo nyota niliyoizuia. Mtu mzima kukaa juu ya begi saa nzima na zaidi, hata benchi hakuna, si jambo dogo. Na utingo alitaka pesa ya mzigo kwa kilo kumi za mchele wa mama, pesa ambayo wakati wa kukata tiketi hatukutajiwa. Nililipa, lakini nilimwambia wazi kwamba jambo hilo lisemwe mapema.

Utingo yule yule, basi lilipofika stendi, aliangalia ngazi ya kwanza ilivyo juu, akamwangalia mama, akaenda kwa muuza chai na kurudi na stuli ya mbao. Akaiweka chini, akaikanyaga kwanza yeye mwenyewe kuona kama imetulia, ndipo akasema, "Karibu mama, taratibu." Stuli haikurudishwa kwa muuza chai mpaka mama alipokaa. Himo tuliposimama kwa choo alimshusha kwa ndoo iliyopinduliwa, na Taveta kwa kreti ya soda. Hakuombwa hata mara moja. (Himo uwe na shilingi za Tanzania za chenji, chooni hawapokei za Kenya.)

Mpakani ndipo wengi wanapoogopa, kwa hiyo nieleze vizuri. Holili na Taveta ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania hushuki Holili. Basi linavuka hadi jengo la upande wa Kenya, na humo ndani unamkuta ofisa wa Tanzania anayekugongea muhuri wa kutoka, kisha wa Kenya anayekugongea wa kuingia. Foleni moja, jengo moja. Sisi Wakenya hatuhitaji viza ya Tanzania, ila kitambulisho peke yake hakitoshi kama kinavyotosha kwenda Uganda au Rwanda, kwa hiyo beba pasipoti. Beba na kadi ya homa ya manjano. Ya mama ni ya mwaka aliokwenda hijja, 2013, na imeandikwa inaisha baada ya miaka kumi. Nilikuwa na wasiwasi nayo, lakini tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha. Ofisa aliisoma, akairudisha. Mizigo ilifunguliwa, mchele ukatazamwa, ukafungwa. Dakika arobaini hivi kwa basi zima.

Wageni wa nchi za mbali wana yao. Kwenye kundi letu la mbuga kulikuwa na mume na mke kutoka Ujerumani walioingia Kenya kwa viza ya utalii ya Afrika Mashariki, wakidhani ni ya eneo zima. Ile ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu. Ya Tanzania waliilipia mbali. Kampuni ya utalii inapaswa kuwaambia watu hayo siku ya kwanza wanapoandika barua pepe, si mgeni ayagundue dirishani.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Taveta, na ndizi zimepangwa chini mikungu kwa mikungu, kijani mpaka mwisho wa macho. Mama alitaka kushuka. Baada ya hapo unaingia mashamba ya mkonge, kisha Tsavo, udongo mwekundu huku na huku, na reli ya zamani inaifuata barabara. Karibu na Maktau tulimwona ndovu mmoja, mwekundu kwa vumbi, amesimama chini ya mti. Baada ya siku nne za kulipia kuwaona, mama alifurahi na huyu zaidi ya wote.

Voi saa nane na nusu, Mwembe Tayari mjini Mombasa saa kumi na mbili kasoro. Mama aliingia nyumbani kabla ya isha, akapika mchele wake.

Kwa hiyo, wa pwani mnaopanga kwenda mbugani Tanzania, muulizeni anayewatembeza kabla hamjalipa: siku ya mwisho mnatuacha wapi, saa ngapi, na basi la kesho yake nani anakata tiketi? Jioni ile ile mjini inawezekana, lakini mimi nilipata viti viwili vya mwisho, na kimoja hakikuwa na dirisha. Mkikata, ombeni upande wa kushoto. Kutoka Arusha hadi Himo, mlima Kilimanjaro uko upande huo.