Topdog/Underdog: Kaka, mdogo wake na soksi yenye dola 500

Wadau mambo vipi, leo nimeshika kitabu cha mchezo wa jukwaani, Topdog/Underdog wa Suzan-Lori Parks, huu ndo uliompa Pulitzer ya tamthilia, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, mwaka 2002, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Waigizaji wawili tu. Kaka na mdogo wake wamebanana kwenye chumba cha kupanga Marekani, kitanda kimoja, maji hamna, choo kiko huko koridoni, na mkubwa ndo analala kwenye kiti.

Wanaitwa Lincoln na Booth, baba yao aliwapa hayo majina kwa utani, maana Booth ndo jina la yule aliyempiga risasi rais Abraham Lincoln mwaka 1865, kwa hiyo mapema tu ushajua hapa hakuna amani.

Kazi ya Lincoln sasa, anajipaka rangi nyeupe usoni, anavaa kofia ndefu na ndevu za bandia, anakaa, wateja wanalipa wanampiga bastola ya uongo naye anajifanya amekufa. Zamani alikuwa fundi wa pata potea, zile karata tatu za mtaani, akaacha baada ya mwenzake kuuawa. Booth anataka kufundishwa, kaka hataki, na ugomvi wote unaonekana ni wa karata.

Ila sio karata jamani. Mama yao alivyoondoka alimwachia Booth dola 500 ndani ya soksi ya kike, miaka miwili mbele baba naye akasepa, akampa Lincoln 500 zake pembeni. Yaani wazazi wenyewe ndo waliwagawa, kila mtoto na siri yake na mzazi wake, halafu wakawaacha waleane. Lincoln zake alishazila, Booth hajawahi hata kuifungua ile soksi, na mwishoni anaiweka dau kwenye pata potea na kaka yake. Anashindwa. Lincoln anacheka, anamuuliza una uhakika gani mama aliweka hela humu? Hapo niliweka kitabu chini kwanza, maana ameshachukua urithi na sasa anamchukua na mama.

Kitu kingine nilichokipenda, kuna sehemu kwenye kurasa majina yamepangwa tu, Lincoln, Booth, Lincoln, Booth, bila neno hata moja, wanatazamana, na ukisoma unausikia kabisa ule ukimya.

Kasoro zipo. Kiingereza kimeandikwa kama kinavyotamkwa mtaani kwao, kitakusumbua mwanzoni, matusi mengi, usimpe mtoto. Halafu Grace, mpenzi wa Booth, anasemwa mchezo mzima na hatumuoni, na kwa yanayompata mimi naona alistahili kuwepo jukwaani.

Mwaka 2022 ulirudi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na waigizaji Corey Hawkins na Yahya Abdul-Mateen II, ukachukua tuzo ya Tony ya 2023 ya mchezo bora uliorudishwa jukwaani.

Vikundi vya maigizo visivyo na bajeti, nunueni hiki, mnahitaji kitanda, kiti, karata na watu wawili wanaoaminiana. Anzeni mazoezi na ile sehemu ya Ijumaa, Lincoln kaleta mshahara, wanapangia matumizi, kodi, umeme, na pombe kali wanaiita dawa, wanacheka vizuri kabisa, mkiweza kufanya watu wawapende hapo, ile soksi itafanya kazi yenyewe.