Kamba ya kuongozea farasi: ipi ya kununua Arusha, ipi ya kuachia dukani

Kwa mwenye farasi Arusha, njia za kupata kamba ya kuongozea ni mbili: kukatiwa mita kadhaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, au kuagiza kamba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya kuagiza ni ghali, kwa hiyo mara nyingi saisi, yaani mtunza farasi, hupewa manila, ile kamba ya plastiki ya dukani, na kuambiwa afanye kazi. Hapa tunazipima aina nne kwa swali moja: farasi akishtuka na kuvuta ghafla, kiganja cha anayemwongoza kinabaki salama?

Farasi mzima wa kupanda huwa na kilo 400 hadi 550 hivi. Hakuna saisi wa kumzuia kwa misuli. Kamba ni ya kumpelekea ujumbe, na ya kukuwezesha kusogea mbali naye bila kumwachia.

Kwa sababu hiyo manila tunaikataa kabisa. Ni nyepesi na inateleza; ikipita kiganjani kwa kasi, msuguano huunguza ngozi kabla hujawahi kufungua vidole. Wepesi wake nao ni kasoro: haining'inii kwa uzito chini ya kidevu, hivyo ukiilegeza farasi hasikii tofauti kubwa, na kulegeza ndiko kunakomwambia kwamba amefanya sawa. Jua huila pia. Ukiona nyuzi zinapukutika kama unga, imekwisha.

Katani haitelezi, na wengi wameizoea kwa punda. Ila punda wa mizigo mara nyingi husukumwa kutoka nyuma, ilhali farasi huongozwa, na kamba inashinda mkononi. Vijinyuzi vyake huchoma viganja, na ikilowa huvimba hadi fundo linagoma kufunguka wakati ambao unalihitaji lifunguke upesi. Ya dharura tu.

Kamba ya pamba yenye unene wa milimita 18 hadi 20 ndiyo tunayoipendekeza kwa kazi ya kila siku. Hujaa mkononi, hushikika hata kwa jasho, na uzito wake unatosha. Adui yake ni maji. Wakati wa masika hukauka polepole, na ukiiacha imerundikwa chini inaota ukungu na kuoza ndani huku nje ikionekana nzima. Itundike kivulini penye upepo. Poliesta iliyosukwa ya milimita 12 hadi 14, kama ile ya mashua, hainywi maji kwa kiasi hicho na hufikisha ujumbe vizuri zaidi. Inafaa sana kwa kufundishia, lakini glavu ni lazima.

Usichukue fupi. Kamba ya mita moja na nusu inatosha kumtoa farasi mtulivu bandani, basi. Akisimama kwa miguu ya nyuma, utalazimika kumwachia au ubaki chini ya kwato zake. Mita 3 hadi 3.7 zinakupa nafasi ya kurudi nyuma ukiwa bado umeshika.

Kinachovunjika kwanza mara nyingi ni klipu, ile ndoano ya kuunganisha kamba na hatamu. Zile za zinki iliyomiminwa hupasuka bila kutoa dalili. Tafuta ya shaba ya manjano, nzito, na ukiivalisha, upande unaofunguka utazame nje, mbali na taya.

Hatamu nayo, maana kamba nzuri kwenye hatamu mbaya ni hasara. Tunazungumzia ile ya kuvalishwa kichwani isiyo na lijamu, yaani chuma cha mdomoni. Hatamu ya kamba nyembamba yenye mafundo husikika upesi puani, kwa hiyo inamfaa farasi anayesukuma watu kwa bega. Lakini haikatiki: usimfunge nayo, wala usimwachie nayo malishoni, kwa kuwa akinasa kwenye uzio anaweza kuvunjika shingo. Ngozi hukatika mapema zaidi, na hilo ni jambo jema. Mkanda wa puani ukae upana wa vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka mno unabonyeza mahali ambapo mfupa wa pua ni mwembamba.

Vyote hivi ni bure kama mikono haijui kazi. Simama kushoto kwake, kati ya kichwa na bega. Mkono wa kulia ushike sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye klipu. Kamba iliyobaki ikunje mikunjo bapa, kama khanga, uishike katikati kwa mkono wa kushoto. Usiizungushe kiganjani hata mara moja: akikimbia, mizunguko hujikaza na kukuburuta au kukata vidole. Tazama unakokwenda. Kosa tunaloliona zaidi ni mtu kumgeukia farasi, kumkazia macho na kuvuta. Hapo umesimama njiani mwake, naye anakaza shingo. Ukitaka kugeuka, msukumie kulia ili kwato zake ziende mbali na miguu yako. Malishoni, pita naye langoni, mgeuze alitazame lango, ndipo uvue hatamu. Wengine hutimka na kurusha mateke pale pale.

Barabarani mambo hubadilika. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo pita kushoto na ukae wewe kati ya farasi na magari, yaani kulia kwake. Farasi aliyezoeshwa upande mmoja tu atakukataa mbele ya bodaboda, hivyo mzoeshe pande zote mbili uani kwanza.

Ukipata kamba ya pamba bila klipu, usifunge fundo kubwa mwishoni, maana litamgonga kidevuni kila hatua. Mpelekee fundi viatu aipitishe kwenye pete ya klipu, akunje sentimita 12 hivi na kuishona kwa uzi wenye nta, kisha uikague mishono hiyo kila unapotundika kamba.